HADITHI YA KIJANA NI MALI YAKE
Somo kwa vikundi: vijana waliokosa makao na nguvu ya kusimulia



 Somo la leo ni juu ya mtu ambaye mara nyingi tunampita njiani tukiwa tumeziba pua: kijana aliyelala nje. Sitazungumza sana juu ya chakula na nguo za kumpa. Hayo wengi wenu mnayajua na mnayafanya. Nitazungumza juu ya hadithi yake. Nani anaisimulia? Nani anaisikiliza? Na ikishasimuliwa, nani anafaidika?

Ninaposema hadithi sina maana ya sungura na fisi. Nina maana ya kisa cha maisha ya mtu, vile alivyokiishi mwenyewe.

Ili tujifunze vizuri, tutasafiri kidogo hadi Marekani kwa vijana weusi wa huko. Mama mmoja aliniuliza, "Kwa nini twende mbali na wetu wako hapa sokoni?" Ni swali zuri. Tunaenda kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wetu tunadhani huko hakuna mtu mweusi anayelala nje, na kijana wetu akishindwa hapa tunasema ni uvivu wake. Ya pili, watu weusi wa Marekani wametumia hadithi kwa miaka mingi kama chombo cha kujiinua, na njia yao haihitaji stima wala pesa. Tukishajifunza tutarudi nyumbani.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo hili kikundi kiweze:
(a) kueleza sababu zinazowafanya vijana kukosa makao;
(b) kutofautisha hadithi inayomjenga kijana na ile inayombomoa;
(c) kuendesha duara la hadithi na kujua la kufanya baada yake.

Somo ligawanywe katika vikao viwili. Mnahitaji viti au mikeka iliyopangwa kwa duara, kijiti kimoja, na mawe na majani machache.

1. HALI ILIVYO KWA VIJANA WEUSI WA MAREKANI

Mwaka 2017 watafiti wa Chapin Hall, katika Chuo Kikuu cha Chicago, walitoa taarifa ya uchunguzi mkubwa kuhusu vijana wasio na makao. Waliona kwamba katika muda wa miezi 12, kijana 1 kati ya 10 wa umri wa miaka 18 hadi 25 alikuwa amekosa makao kwa namna fulani. Kwa wale wa miaka 13 hadi 17 ilikuwa 1 kati ya 30. Hesabu hii haikuwa ya wale wa barabarani tu. Ilihesabu pia wale wanaohamahama, leo kwenye kochi la rafiki, kesho kwa shangazi, keshokutwa hawajui. Vijana weusi walikuwa katika hatari hiyo kwa asilimia 83 zaidi kuliko vijana wa rangi nyingine. Na kwa watu wa umri wote, taarifa ya serikali ya Marekani ya 2023 ilionyesha kwamba watu weusi ni kama asilimia 13 ya wakazi wa nchi ile, lakini walikuwa asilimia 37 ya waliohesabiwa bila makao.

Mbona iwe hivyo? Je, ni uvivu? Tuangalie.

Sababu ya kwanza ni nyumba. Katika miaka ya 1930 kulichorwa ramani za miji ambazo mitaa ya watu weusi ilipakwa rangi nyekundu, yaani mitaa ya hatari. Aliyeishi huko hakupata mkopo wa kununua nyumba kama wengine. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba ilikuja mwaka 1968, lakini wakati huo familia nyingi za wazungu zilikuwa tayari na nyumba za kuwarithisha watoto, na familia nyingi za watu weusi zilikuwa bado zinalipa kodi. Hapa kwetu, kijana akishindwa mjini mara nyingi kuna shamba la babu, hata kama ni kipande kidogo. Sasa fikiria kijana ambaye babu yake alizuiwa kununua hata chumba kimoja. Akifukuzwa alipopanga, atarudi wapi?

Sababu ya pili ni malezi. Watoto weusi ni wengi kupita kiasi miongoni mwa watoto wanaoondolewa kwao na serikali na kupelekwa katika familia za kulea. Akifika umri wa miaka 18, au 21 katika majimbo mengine, malezi hayo yanakwisha. Anaambiwa sasa wewe ni mtu mzima, jitegemee.

Sababu ya tatu ni msiba na ugomvi. Katika uchunguzi ule wa Chicago, vijana 215 waliketi na watafiti wakasimulia maisha yao tangu mwanzo. Hapo likaonekana jambo ambalo tarakimu peke yake haingelionyesha. Wengi walianza kupoteza makao muda mrefu kabla ya usiku ule wa kwanza wa kulala nje. Walianza siku mzazi au mlezi alipofariki, au siku walipotengwa na jamaa zao.

Je, mama na mzee mnaosoma hapa, haya hamjayaona kijijini? Mtoto anafiwa, anahamishwa kwa mjomba, anagombana na mke wa mjomba, anapanda lori usiku. Sisi tunaanza kuhesabu siku tunapomwona sokoni na gunia. Yeye anahesabu kutoka kaburini kwa mama yake. Ndiyo maana wazee walisema, siri ya mtungi aijuaye kata.

2. MSICHANA WA UWANJA WA MAGARI MABOVU

Wengi wamesikia jina la Maya Angelou, mwandishi mweusi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2014. Alisoma shairi lake mbele ya taifa zima Januari 1993, siku Rais Clinton alipoapishwa. Lakini si wengi wanaojua kwamba alipokuwa msichana wa miaka kama 15 alikuwa mtoto asiye na makao.

Yeye mwenyewe alieleza katika kitabu chake cha kwanza cha maisha, I Know Why the Caged Bird Sings, kilichotoka mwaka 1969. Alikuwa amekwenda kumtembelea baba yake huko California. Akagombana na mwanamke aliyeishi na baba, akaumizwa, akaondoka. Usiku huo alilala ndani ya gari bovu katika uwanja wa kutupia magari. Alipoamka asubuhi akakuta vijana wenzake wanamchungulia dirishani. Walikuwa weusi, wazungu na wenye asili ya Meksiko. Nao pia uwanja ule ndio uliokuwa kwao.

Sasa sikilizeni jinsi walivyoishi, kwa maana ninyi ni watu wa vikundi na mtaelewa haraka. Walikuwa na sheria. Wizi ulikatazwa, kwa sababu ungeleta polisi. Mvulana na msichana hawakulala pamoja. Kila mmoja alifanya kazi: kuokota chupa na kuziuza, kukata nyasi, kufagia. Pesa zote ziliwekwa kwa kijana mmoja, zikatumiwa kwa wote. Jamani, hicho si kikundi? Hawakuwa na cheti cha usajili wala katiba iliyopigwa chapa, lakini walikuwa na mweka hazina, na walikuwa na nidhamu kuliko baadhi ya vikundi ninavyovitembelea!

Maya alikaa nao karibu mwezi mmoja, kisha akampigia mama yake simu na kurudi San Francisco. Baadaye aliandika kwamba mwezi ule ulimbadilisha. Wenzake walimpokea bila kumhoji, na ule wasiwasi aliokuwa nao siku zote juu yake mwenyewe ukamtoka.

Tujifunze nini hapa? Mtu mwingine angeisimulia hadithi hii, angesema: "Maskini, msichana aliyelala kwenye takataka." Mwenyewe alipoisimulia, alisema pale ndipo alipojifunza kukubaliwa na kushirikiana na watu wa kila rangi. Uwanja ni ule ule na magari ni yale yale. Anayesimulia akibadilika, mtu anayeonekana ndani ya hadithi anabadilika pia.

Jambo la pili ni wakati. Maya aliiandika hadithi hiyo zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa hiari yake. Na kabla ya hapo, alipokuwa na umri wa miaka kama minane, alinajisiwa na mtu mzima aliyekuwa mpenzi wa mama yake. Alipomtaja mtu huyo, mtu huyo akauawa. Mtoto akaamini kwamba sauti yake ndiyo iliyoua, akaacha kuzungumza na watu kwa muda wa miaka karibu mitano. Aliyemsaidia kurudi kwenye maneno ni mama mmoja jirani wa nyanya yake huko Stamps, jimbo la Arkansas. Mama huyo hakumwambia, "Haya, tueleze yaliyokupata." Alimkaribisha nyumbani, akampa biskuti na maji ya ndimu, akamsomea kitabu kwa sauti, kisha akamwazima vitabu akasome kwa sauti yeye mwenyewe. Sauti ya kijana haivutwi kwa kamba. Inangojwa.

3. DUARA LA HADITHI

Mwaka 1963 vijana weusi watatu, John O'Neal, Doris Derby na Gilbert Moses, walianzisha kundi la maigizo lililoitwa Free Southern Theater katika chuo cha Tougaloo, jimbo la Mississippi. Ulikuwa wakati wa kupigania haki za watu weusi. Walizunguka vijijini wakiigiza bila malipo, hata makanisani, na baada ya mchezo walizungumza na watazamaji. Kutokana na mazungumzo hayo, kwa miaka iliyofuata, O'Neal na wenzake walikuza njia inayoitwa duara la hadithi. Leo inatumiwa na vikundi vingi, pamoja na wanaofanya kazi na vijana.

Ni njia rahisi. Watu huketi kwa duara, hakuna meza kuu. Kila mtu hupata muda sawa. Anasimulia jambo moja lililompata yeye, si mawazo yake juu ya watu wengine. Hakuna kumkatiza, kumsahihisha wala kumjibu mpaka duara limalizike. Asiyetaka kusema anasema "pita", na hakuna anayemuuliza kwa nini. Kusikiliza ndiyo kazi kubwa kuliko kusema.

Wale wenu mliopitia mafunzo ya DELTA kwenye parokia zetu mtaona undugu hapo. Kule tulijifunza kutoka kwa Paulo Freire wa Brazil kwamba mtu maskini si debe tupu la kujazwa. Anajua mengi juu ya maisha yake, ila hajapata mahali pa kuyasema na kuyachambua.

Duara linamsaidiaje kijana aliyelala nje? Kwa namna nne:

(i) Anapanga maisha yake upya. Barabarani siku zinafanana. Anaposimulia analazimika kusema: kwanza lilitokea hili, halafu lile, nami nikafanya hivi. Anaona kwamba hata katika siku mbaya alichagua na alitenda.

(ii) Anagundua kwamba si peke yake. Kijana mweusi wa Chicago anayedhani amefukuzwa kwa sababu ni mbaya, akisikia wenzake sita wana kisa kama chake, anaanza kuuliza juu ya kodi za nyumba na juu ya sheria. Aibu inapungua na maswali yanaongezeka.

(iii) Anaonekana ana ujuzi. Kulala nje mwaka mzima na kubaki hai si jambo la mjinga.

(iv) Anasikilizwa bila kulipa kitu. Hili nitalieleza sasa, maana ndilo kiini cha somo.

4. HADITHI ISIWE KODI YA KITANDA

Kijana asiye na makao, awe Marekani au hapa, husimulia hadithi yake mara nyingi sana, lakini si kwa kupenda. Anamsimulia afisa ili apate kitanda. Anamsimulia mwalimu ili akubaliwe shuleni. Anamsimulia mfadhili ili apate sare. Kila mlango una mtu anayeuliza, "Ilikuwaje?" Anajifunza upesi kwamba hadithi yenye machozi mengi ndiyo inayofungua mlango. Hapo hadithi imekuwa kodi anayolipa.

Naomba niwaambie kosa langu mwenyewe. Miaka kama 15 iliyopita, nikiwa nimemaliza diploma karibuni, nilikuwa nikisaidia mradi mdogo wa vijana. Tulikuwa na mvulana wa miaka 16 aliyerudi kutoka mjini, ambako alilala nje miaka mitatu. Wageni wakaja kutuona. Nikamwambia yule kijana asimame awaeleze jinsi alivyokula kutoka jaani na jinsi mama yake alivyokufa. Hakutaka. Nikamsihi, nikamwambia ni kwa faida ya mradi. Akasimama, akasema. Wageni walilia, wakapiga picha. Pesa zikaja, tukanunua viti vya plastiki 40.

Wiki hiyo vijana wenzake wakaanza kumwita "wa jaani". Siku ya nne tukakuta jembe lake limeegemezwa ukutani, na yeye hayupo.

Nilimpata miezi minane baadaye akiosha matatu stendi. Alinisalimu kwa heshima, kisha akaniambia, "Mwalimu, mliuza hadithi yangu, na mimi sikupata hata kiti kimoja." Sikuwa na jibu. Nikamwuliza, "Kama ungechagua wewe, ungewaambia nini wale wageni?" Alifikiri kidogo. Akasema angewaambia kwamba kule mjini walikuwa watano, na yeye ndiye aliyewekewa pesa za wote. Kila jioni walihesabu pamoja, na kwa miaka miwili haikupotea hata shilingi.

Hebu fikirini. Tulikuwa na mweka hazina mwaminifu kati yetu, na tukamwonyesha kwa wageni kama mla takataka.

Leo kijana huyo ana kibanda chake cha kuziba panchari, na katika kikundi chao yeye ndiye anayeshika kitabu cha pesa. Ameniruhusu kuandika haya bila jina lake. Habari za mama yake hajazisema tena, nami sijamwuliza.

Kuna sababu nyingine ya kwenda polepole. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, Pennebaker na Beall, waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike juu ya mambo machungu yaliyowapata, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata, wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kumwona daktari mara chache kuliko wengine. Ni kama kukamua jipu: kwanza maumivu, kisha nafuu. Basi usimkamue mtu jipu ukamwacha njiani. Kama hamko tayari kuwa naye kesho, msimwulize leo.

5. TURUDI NYUMBANI

Kenya ilifanya hesabu ya watu wa mitaani mwaka 2018. Walihesabiwa watu 46,639 nchi nzima, na Nairobi peke yake ilikuwa na 15,337. Hawa hawakuzaliwa na lami. Wengi wana kijiji, na kijiji hicho huenda ni chako. Wanaporudi, jambo la kwanza wanalokuta ni jina: chokora. Jina hilo ni hadithi fupi tuliyoitunga sisi na kumbandika yeye.

Kikundi chako kinaweza kufanya hivi.

KIKAO CHA KWANZA: WATU WAZIMA PEKE YAO
Kabla ya kuwaita vijana, fanyeni duara ninyi wenyewe. Kila mmoja asimulie, kwa dakika tatu, siku aliyokosa mahali pa kulala au aliyojiona hana kwao. Mtashangaa. Mama aliyefukuzwa na shemeji baada ya mumewe kufa yumo. Mzee aliyelala stendi akitafuta kazi yumo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini wengi wetu tumekilalia, tumesahau tu. Asiyeweza kusema yake asidai kusikia ya kijana.

KIKAO CHA PILI: PAMOJA NA VIJANA
1. Waalikwe, wasiletwe. Waje wawili au watatu, asiwe mmoja peke yake kati ya watu wazima.
2. Kuleni kwanza. Chai ije mwanzo, na ieleweke kwamba atakayenyamaza atakunywa sawa na atakayesema.
3. Mwezeshaji asome sheria za duara kwa sauti: muda sawa, hakuna kukatiza, ruhusa ya kupita, na ya hapa yabaki hapa. Hakuna simu, hakuna picha, hakuna mgeni.
4. Kila mtu achore chini mto wa maisha yake. Jiwe ni siku ngumu, jani ni siku njema. Anayetaka ataeleza jiwe moja au jani moja tu. Si lazima mto wote.
5. Swali la kuanzia lisiwe "Kwa nini ulitoroka?" Liwe: "Tuambie siku moja uliyotumia akili ukapita mahali pagumu." Swali la kwanza humweka kizimbani. Swali la pili humpa kiti.
6. Kijiti kizunguke. Anayekishika ndiye anayesema.
7. Mwishoni kila msikilizaji aseme jambo moja alilojifunza kutoka kwa mwenzake. Siyo "pole", wala "ungefanya hivi". Aseme, "Kutoka kwako nimejifunza..."

TAHADHARI: Kijana akitaja kwamba mtoto ananajisiwa au anapigwa sasa hivi, "ya hapa yabaki hapa" haihusu jambo hilo. Mwelezeni hivyo mapema, kabla hajaanza kusema. Mwezeshaji apeleke habari kwa afisa wa watoto au polisi, au apige simu ya bure 116 ya kusaidia watoto. Asijaribu kusuluhisha jambo hilo kwa mbuzi na wazee.

6. BAADA YA HADITHI

Hadithi peke yake haiezeki nyumba. Kijana akisema akasikilizwa, kisha akarudi kulala kwenye veranda ya duka, tumemdanganya. Kwa hiyo kila duara liishe kwa swali moja: "Kutokana na tuliyosikia, tufanye nini kabla ya mwezi kwisha?" Mara nyingi si mambo makubwa. Ni kumsindikiza kwa chifu apate barua ya kutafutia kitambulisho. Ni kuzungumza na mjomba wake. Ni kumpa nafasi katika merigoraundi hata kama mchango wake ni nusu. Hata Marekani, sheria iitwayo McKinney-Vento ya 1987 inawapa watoto wasio na makao haki ya kusoma, na siku hizi shule haiwezi kumfungia mtoto kama huyo mlango kwa sababu hana karatasi.

Na kama siku moja kijana mwenyewe anataka kusema hadharani, kwenye baraza, kanisani au redioni, mwacheni aseme, lakini mwulizeni kwanza mambo manne: Unataka kusema nini? Nini hutaki kiguswe? Picha ipigwe au isipigwe? Na likiingia lolote, pesa au kitu, wewe utapata nini? Na akibadili nia asubuhi ya siku hiyo, mwenyekiti atafute mtu mwingine wa kuhutubia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni vijana gani tunaowaita kwa majina ya kubandikwa? Majina yao halisi ni yapi?
2. Je, kikundi chetu kimewahi kutumia shida ya mtu kuombea msaada? Yeye alipata nini?
3. Vijana wa uwanja wa magari mabovu walikuwa na sheria na mweka hazina. Vijana wetu wa sokoni wana utaratibu gani ambao hatujawahi kuwauliza?
4. Kama wewe ungesimuliwa na jirani yako leo, angeanzia wapi? Wewe ungeanzia wapi?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya kikao kijacho, kila mwanakikundi amsalimu kijana mmoja wa namna hii kwa jina lake halisi. Kama hulijui, mwulize. Usimwulize kingine chochote siku hiyo. Katibu aandike kwenye kitabu ni wangapi walifanikiwa, bila kuandika majina ya vijana.

Vikundi vitakavyofanya duara viniletee habari kupitia ofisi ya parokia. Nielezeni mlivyoendesha, palipokuwa pagumu, na mlichokubaliana kutenda. Hadithi za vijana wenyewe msiniandikie. Hizo si zetu.